Kucha za Paka na Viti vya Nyumbani

Hapana mnyama aliyepewa ruhusa ya kuingia na kutoka katika nyumba zetu kama paka. Ng'ombe ana zizi lake na kuku ana tundu lake. Lakini paka hupita mpaka chumba cha kulala, akajinyosha juu ya mkeka, wala hapana amwambiaye neno. Wazee wetu walisema: Paka wa nyumba haingwa. Lakini ukarimu huo huisha siku anapoonekana mbele ya kochi jipya, amechomoa kucha zake, na nyuzi za kitambaa zinaning'inia. Hapo hushikwa fagio, hurushwa kiatu, na pengine mnyama hutiwa katika gunia akaenda kutupwa mbali. Jambo hili lataka kutazamwa vizuri, kwani ndani yake mna mali ya watu, na mna vile vile roho ya kiumbe asiyeweza kujisemea.

Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alitufahamisha daraja ya mnyama huyu. Imepokewa ya kuwa Sahaba Abu Qatada alikiinamisha chombo cha maji yake ya udhu ili paka anywe. Na mke wa mwanawe, Kabsha, alipostaajabu, alimweleza ya kwamba Mtume amesema paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Na katika Sahihi za Bukhari na Muslim mna habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache akajitafutia. Tena Mtume alikataza kumpiga mnyama usoni. Basi na ajiulize kila mwenye kushika fagio kwa hasira: ni kosa gani hasa alilolitenda paka huyu?

Kwa hakika hakutenda kosa. Ukucha wa paka hukua kwa matabaka, na lile ganda la juu likichakaa hana budi kuliambua kwa kuparura kitu kigumu, ili ukucha mpya uliochongoka utokee. Tena katika nyayo zake mna vitezi vitoavyo harufu, nayo huiacha pale alipoparura iwe alama ya makao yake. Na mwisho, kuparura ndiko kunyosha viungo; ndiyo sababu mara nyingi hufanya hivyo anapoamka. Kumkataza paka kuparura kabisa ni kama kumkataza mtu kupiga miayo. Ukimpiga hatafahamu ya kuwa kochi ni la thamani. Atafahamu tu ya kuwa wewe ni wa kuogopwa, na ukiondoka atarudi pale pale.

Dawa yake ni kumpa mahali pake. Chukua gogo au kipande cha boriti, kirefu kiasi cha sentimeta 80 au 90, ili paka aweze kusimama na kujinyosha mwili mzima. Kipigilie juu ya ubao mpana ulio mzito, kwani kikiyumba hatakirudia tena. Kisha kizungushie kwa kukaza kamba ya katani, yaani ile itokanayo na mkonge, mmea ulioletwa pwani yetu mwaka 1893. Wako paka wapendao kuparura chini. Hao watandikie gunia kuukuu lililopigiliwa juu ya ubao.

Usikifiche kitu hicho uani. Kiweke karibu na lile kochi analoliharibu, au karibu na mahali anapolala. Kochi lenyewe lifunike kwa shuka nene au karatasi ya nailoni kwa majuma machache. Akiparura gogo, mpe kipande cha dagaa papo hapo; akielekea kwenye kochi, mwondoe kwa upole umpeleke kwenye gogo. Akisha kuzoea, lisogeze gogo kidogo kidogo mpaka mahali upendapo. Waweza pia kumpunguza ncha za kucha kila baada ya majuma mawili au matatu, lakini ile ncha nyeupe tu. Ile sehemu nyekundu ya ndani ina damu na maumivu.

Kuna nchi ambazo watu wamezoea kumng'olesha paka kucha kwa daktari ili viti visalimike. Ijulikane ya kuwa huko si kukata kucha, bali ni kukata mfupa wa mwisho wa kila kidole. Uingereza imelipiga marufuku jambo hilo kwa sheria ya mwaka 2006, na jimbo la New York huko Marekani likafuata mwaka 2019. Sisi tulikwisha kupata onyo mapema zaidi, kwani Bukhari amepokea ya kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kumkatakata mnyama viungo hali yu hai.

Enyi vijana, kazi hii ni yenu. Gogo na kamba havina gharama kubwa, na saa moja ya alasiri yatosha kuimaliza. Mama atasalimika na hasara, paka atasalimika na kipigo, nanyi mtapata thawabu, kwani katika kumtendea wema kila chenye uhai mna ujira. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye huruma kwa viumbe vyake, naye atuhurumie. Amin.