Taa hujazwa kungali mchana



Tarehe 10 Agosti 1907, Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari, akafika Swakopmund, katika Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Magari mengi ya miaka ile yalikuwa ya wazi, na taa zake hazikuwa za umeme. Ubavuni zilikuwapo taa ndogo za mafuta ya taa. Mbele, taa kubwa za shaba zilizowaka kwa gesi. Dereva alitia vipande vya kabaidi ndani ya chombo, na juu yake akajaza maji. Maji yalidondoka tone kwa tone, kabaidi ikatoa gesi, naye akaiwasha kwa kiberiti. Matone yakikatika, taa ilizimika. Mabaki ya chokaa ya jana yalipaswa kutolewa kwanza. Hata Ford Model T ilipata taa za mbele za umeme mwaka 1915 tu.

Kwa hiyo kazi ya taa ilikuwa kazi ya mchana.

Hapa Kipalapala, karibu na njia ya kale ya misafara ya Tabora na Ujiji, nakumbuka kosa langu. Nikiwa padri kijana, taa ya pikipiki yangu iliharibika. Wiki tatu nilisema, “Kesho nitaitengeneza.” Usiku mmoja nikaitwa kigangoni kumpaka mzee mafuta matakatifu. Nilikokota pikipiki porini, tochi hafifu mkononi. Nilipofika, vilio vilikuwa vimeanza. Mkewe akaniambia, “Pole na safari, Baba.” Hakunilaumu. Neno lile hunichoma mpaka leo.

Wanawali watano wa Injili ya leo (Mt 25:1-13) hawakuwa waovu. Taa walikuwa nazo, na bwana arusi walimngoja. Walipungukiwa mafuta tu, na usiku wa manane hakuna wa kuwaazima.

Ndugu yangu, sala ya jioni na watoto, kitubio, kumsamehe jirani: hayo ndiyo matone yetu. Ni madogo, lakini yakikatika, shaba hata ing'ae namna gani haitamulika njia. Na kama moyoni kuna chokaa ya ugomvi wa jana, itoe kwanza.

Je, yupo unayepaswa kumwomba radhi? Usiseme kesho, kama nilivyosema mimi. Nenda leo, kungali mchana.

Nawatakia Dominika njema.