Mtoto wa Pito na Nadharia za Lugha ya Pili

Katika kata ya Pito, ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa ulioinuka baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, mtoto aghalabu hupita katika lugha tatu kabla ya kuwa mtu mzima: Kifipa alichokisikia tangu mgongoni mwa mama yake, Kiswahili alichokikuta kwa wenzake, sokoni, kanisani na darasani, na Kiingereza ambacho, baada ya kuwa somo moja tu miongoni mwa masomo ya shule ya msingi, humgeukia ghafula katika kidato cha kwanza kikawa ndicho mlango wa masomo karibu yote. Wataalamu wa isimu huiita lugha yoyote inayokuja baada ya ile ya kwanza lugha ya pili, hata ikiwa kwa hesabu ni ya tatu au ya nne, na elimu inayochunguza jinsi akili ya binadamu inavyoipata lugha hiyo imestawi sana tangu katikati ya karne ya 20. Nadharia zake nyingi zilizaliwa mbali na Ufipa, katika Marekani, Uingereza na Kanada, kwa kuwatazama wahamiaji na wanafunzi wa huko. Kwa sababu hiyohiyo nimechagua kuzipima zote kwa mtoto wa Pito, kwani nadharia inayodai kuwa ya wanadamu wote ina wajibu wa kumweleza yeye pia.

Nadharia iliyotawala kwanza iliihesabu lugha kuwa ni mazoea. Katika mwaka mmoja, 1957, vilitoka vitabu viwili vya kuishika mkono: kimoja cha B. F. Skinner, aliyeeleza usemi kuwa ni tabia inayojengwa kwa kurudiwa na kutuzwa, na kingine cha Robert Lado, aliyesema kwamba mwanafunzi huyaona mepesi yale yanayofanana na lugha yake na mazito yale yanayotafautiana nayo, basi mwalimu akizilinganisha lugha mbili ataweza kuyabashiri makosa kabla hayajatendeka. Kwa mtoto wa Pito hoja hii ina ukweli mkubwa. Kifipa na Kiswahili zote ni lugha za Kibantu, zenye ngeli za majina na upatanisho wake, hata jambo linalomtesa Mzungu au Mhindi kwa miaka mingi, yaani kukumbuka kwamba ni kiti hiki na viti hivi, mti huu na miti hii, kwa mtoto huyu ni nyumba ambayo amekwisha ijua ramani yake. Kinachobaki kigeni ni sauti zilizoingia Kiswahili kutoka Kiarabu, na kwa hiyo thamani huwa samani na dhahabu huwa zahabu katika vinywa vya wengi wa bara. Geni pia ni mahadhi, maana Kifipa hutumia kidatu cha sauti kutenga maana, ilhali Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho na kutosheka.

Walakini ubashiri wa Lado hauwezi kumaliza kila jambo. Chukua insha ya mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayeandika kwa Kiingereza habari za bibi yake: katika mstari wa kwanza bibi ni he, katika wa tatu ni she, katika wa tano amerudi kuwa he, na chini yake limeandikwa goed mahali palipotakiwa went. Kosa la kwanza Lado angelibashiri, kwa kuwa si Kifipa wala Kiswahili kinachomtenga mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi. Hapa mtafiti mwangalifu atatambua tatizo ambalo vitabu vya ughaibuni hulipita upesi: maadamu lugha zote mbili za mwanzo zimekubaliana, kosa hilo haliwezi kutuambia limetoka katika ipi. Kosa la pili ni la namna nyingine kabisa. Goed haimo katika Kifipa, haimo katika Kiswahili, wala mwalimu hakuitamka. Mtoto ameiunda mwenyewe kwa kanuni ya wakati uliopita aliyoivumbua katika maneno mengine, na watoto wa Waingereza nao huiunda vivyo hivyo wakiwa wadogo. Mazoea hayawezi kuzaa neno ambalo halijasikiwa. Hoja ya aina hii ndiyo Noam Chomsky aliyoitumia mwaka 1959 kukivunja kitabu cha Skinner, na juu yake S. Pit Corder alijenga mwaka 1967 rai kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa kazi ambayo akili yake inaifanya. Mwaka 1972 Larry Selinker akaongeza kwamba mwanafunzi ana lugha yake kamili ya kati, isiyo ya kwanza wala ya pili, yenye kanuni zake, ambayo husogea kuelekea lugha anayoitafuta na wakati mwingine husimama njiani isiendelee tena. Tangu hapo kalamu nyekundu ya mwalimu ilipasa kubadili kazi, ingawa katika madarasa mengi haijabadili.

Nadharia ya Stephen Krashen, iliyopata sifa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndiyo iliyo na mashaka makubwa zaidi kwa nchi yetu ya Tanzania, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Krashen alishikilia kwamba lugha huingia pale mtu anapofahamu maneno yaliyo juu kidogo tu ya kiwango chake, akiwa hana hofu. Kiini cha kauli hiyo ni kufahamu, na kiini hicho ndicho kinachosahauliwa na wanaosema kwamba Kiingereza kitashika ikiwa kitafanywa lugha ya kufundishia kila somo. Hao hupenda kutoa mfano wa Kanada, ambako mwaka 1965, katika mji wa St. Lambert, Quebec, watoto wa wasema Kiingereza walianza kusomeshwa kwa Kifaransa na wakafaulu. Mfano huo ni wa kweli, lakini masharti yake hayatajwi: watoto wale walitoka katika nyumba zenye lugha yenye nguvu na vitabu, walimu wao walizifahamu lugha zote mbili, na Kifaransa kilikuwa cha majirani zao. Tena, Merrill Swain alipowachunguza wanafunzi wa mpango wa namna hiyo, alionesha mwaka 1985 kwamba walifahamu Kifaransa vizuri sana lakini sarufi yao katika kusema iliendelea kuwa na kasoro, kwa kuwa walisikiliza mno na kusema kidogo. Kama hali ni hiyo kwa mtoto wa Kanada, seuze mtoto wa Pito, ambaye mwalimu wa jiografia anamsomea kitabu asichokielewa, naye ananakili ubao kimya hadi kengele ilie!

Ushahidi wa hapa nyumbani haukukosekana. Tume ya Makweta kuhusu elimu ya nchi ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie katika elimu ya sekondari, na miaka miwili baadaye Clive Criper na Bill Dodd, waliotumwa kupima Kiingereza cha wanafunzi wetu, walikuta hali mbaya kiasi kwamba lugha hiyo haikuweza kufanya kazi ya kufundishia. Hata hivyo walishauri iendelee kufundishia, na serikali ikawafuata. Siwezi kuuona ushauri huo kuwa ni tunda la utafiti wao. Utafiti ulikwenda huku, na uamuzi ukaenda kule.

Aliyetoa ufunguo wa suala hili la lugha ya kufundishia ni Jim Cummins. Mwaka 1979 alitenga umahiri wa mazungumzo ya kila siku na umahiri wa lugha ya elimu, akasema kwamba elimu iliyojengwa katika lugha ya kwanza haipotei, bali huhamia katika ya pili pindi lugha hiyo inapopata nguvu ya kuibeba. Katika Ufipa jambo hilo linaonekana shambani. Mtoto aliyekwenda na bibi yake kulima intumba ameona jinsi majani yanavyozikwa ndani ya tuta la mviringo mwishoni mwa mvua, yakaachwa yaoze, na msimu unaofuata udongo ule ukatandazwa na kupandwa ulezi au mahindi. Anajua majani yaliyooza vema huwaje yakishikwa kwa mkono, na anajua kwamba shamba lisilotendewa hivyo huchoka. Siku atakapofika kwenye somo la rutuba ya udongo, fikra zote anazo, amekosa majina tu. Mwalimu akimpa nafasi ya kuieleza intumba kwa Kiswahili, au hata kwa Kifipa, kisha akampa majina ya Kiingereza, atajifunza maneno machache juu ya msingi imara. Akimnyima nafasi hiyo, mtoto atakariri maneno yasiyo na chochote nyuma yake. Huko Ife, Nigeria, chini ya Babs Fafunwa, mradi ulioanza mwaka 1970 uliwasomesha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, Kiingereza kikiwa somo lenye mwalimu wake mahususi. Watoto hao hawakuachwa nyuma katika Kiingereza na wale waliohamishiwa humo mapema, na katika masomo mengine waliwapita.

Mintarafu ya umri, wazazi wengi huamini kwamba kuanza mapema ndiyo dawa. Eric Lenneberg alisema mwaka 1967 kwamba ubongo una kipindi chake cha kupokea lugha, kinachofikia ukingoni wakati wa kubalehe, na Johnson na Newport mwaka 1989 walikuta, kwa Wachina na Wakorea 46 waliohamia Marekani, kwamba waliofika wadogo waliipata sarufi vizuri zaidi. Lakini Snow na Hoefnagel-Höhle, mwaka 1978, walikuta Uholanzi kwamba katika miezi ya mwanzo vijana na watu wazima walikwenda mbio kuliko watoto wadogo. Fauka ya hayo, wote hao walizungukwa na lugha waliyojifunza. Mahali ambapo Kiingereza hukoma mlangoni mwa darasa, umri mdogo peke yake haununui kitu.

Kuna tafauti pia katika njia za kutafiti. Mmoja huwapima wanafunzi wengi kwa siku moja, akapata hesabu. Mwingine humfuata mtu mmoja kwa muda mrefu, kama John Schumann alivyomfuata kwa miezi kumi Alberto, mhamiaji kutoka Costa Rica, na kueleza kwamba umbali wake na jamii ya wenyeji ulikidumaza Kiingereza chake. Mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 kwa ushirikiano wa wataalamu wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, uliingia madarasani kulinganisha masomo yaliyofundishwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na mtaalamu Martha Qorro ametetea kwa miaka mingi kwamba lugha inayofahamika ndiyo inayofundishia. Kazi hizi ni za thamani. Kilichobaki nyuma ni lugha iliyotangulia zote, kwa maana mgeni akiingia darasani watoto huhamia Kiswahili mara moja kwa heshima, na Kifipa hufichika mbele ya macho yake. Mtafiti wa Pito sharti akijue Kifipa, na sharti akae.

Naomba basi walimu walioko huko wasingojee mtafiti wa mbali. Madaftari ya insha yasichomwe mwisho wa mwaka: yaandikwe tarehe, lugha ya nyumbani na umri wa mwanafunzi, yahifadhiwe kabatini kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwanafunzi aliyeuliza swali kwa Kifipa asiadhibiwe, ajibiwe.