Dona ni bora, lakini chambua mahindi kwanza: Sumu ya ukungu inayovuruga mafuta ya mwilini

Kwa miaka kadhaa sasa ushauri wa lishe umekuwa ule ule: achana na sembe, kula dona. Ushauri huo una msingi. Mahindi yakikobolewa hupoteza ganda na kiini, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, vitamini na madini mengi. Tatizo ni kwamba ganda hilo hilo hubeba sehemu kubwa ya sumu iitwayo fumonisini. Familia inayosaga mahindi bila kuyachambua inaweza kujikuta inakula sumu nyingi zaidi kwenye dona kuliko kwenye sembe.

Wengi wanaijua sumukuvu kwa jina la aflatoksini, hasa baada ya mlipuko wa mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambapo watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafariki. Fumonisini ni ndugu yake, ila haina kishindo hicho. Hutengenezwa na fangasi wa jamii ya Fusarium, ambao huanza kazi mahindi yakiwa bado shambani, hasa pale viwavi wanapotoboa gunzi. Mlaji hatapika wala hatapata manjano kesho yake. Sumu hufanya kazi kimyakimya ndani ya seli, kwenye kundi la mafuta ambalo watu wengi hawajawahi kulisikia: sfingolipidi.

Mafuta yanayopeleka ujumbe

Jina hilo lilitungwa na daktari J. L. W. Thudichum, aliyekuwa akichunguza kemia ya ubongo jijini London. Mwaka 1884 alikutana na kitu kilichomshinda kukielewa, akakipa jina la Sphinx, kiumbe wa hadithi za Wagiriki aliyekuwa akiwatega watu kwa vitendawili. Kwa miaka mingi baadaye iliaminika kuwa mafuta haya ni ya kujengea ukuta wa seli tu, kama matofali. Siku hizi inajulikana kuwa yanapeleka pia ujumbe.

Ujumbe huo una pande mbili. Seramidi, ambayo akina mama huisoma kwenye chupa za losheni kwa kuwa ndiyo inayozuia ngozi isipoteze maji, ikizidi ndani ya seli huiamuru seli iache kukua au ife. Mwenzake, sfingosini-1-fosfeti, huihimiza seli iishi, igawanyike na isafiri. Ndiye pia anayeziita chembe nyeupe za damu zitoke kwenye tezi za limfu na kuingia kwenye damu. Dawa ya fingolimodi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa wagonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia neva zao, hufanya kazi kwa kuukatiza wito huo. Mwili wenye afya hutunza mizani kati ya pande hizi mbili.

Fumonisini huivunja mizani hiyo. Kwa umbo inafanana sana na sfinganini, malighafi ambayo seli huitumia kutengeneza seramidi. Kimeng'enya chenye kazi hiyo huikamata sumu kikidhani ni malighafi, kikakwama. Sfinganini inarundikana, seramidi inapungua, na ujumbe unavurugika. Watafiti wa Marekani walilionyesha hilo mwaka 1991, miaka mitatu tu baada ya sumu yenyewe kutambuliwa na wanasayansi wa Afrika Kusini.

Farasi, nguruwe, kisha watoto

Wanyama ndio waliotangulia kuonyesha madhara. Farasi aliyelishwa mahindi yenye fumonisini nyingi huharibika ubongo hadi sehemu yake ikawa majimaji. Kwa nguruwe, mapafu hujaa maji.

Mwaka 1991, katika mji wa Brownsville, Texas, mpakani mwa Marekani na Mexico, wahudumu wa afya waligundua kuwa idadi ya watoto wanaozaliwa bila sehemu kubwa ya ubongo na fuvu ilikuwa si ya kawaida. Wakazi wa eneo hilo hula chapati za mahindi kila siku, na mavuno ya msimu uliotangulia yalikuwa na fumonisini nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa wanawake waliokula zaidi chapati hizo katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata mtoto mwenye kasoro za aina hiyo, ambazo ni pamoja na mgongo wazi. Uhusiano wa namna hii haumalizi ubishi. Hata hivyo, majaribio ya panya yanaupa nguvu: majike waliopewa fumonisini mwanzoni mwa mimba walizaa watoto wenye kasoro hizo hizo.

Sababu inayotolewa inamhusu kila mama anayepewa vidonge vya foliki asidi kliniki. Mlango unaoingiza folati ndani ya seli umeshikizwa mahali penye sfingolipidi nyingi. Mafuta hayo yakipungua, mlango haufanyi kazi vizuri, hata kama folati ipo kwenye damu. Panya waliopewa folati ya ziada walipungukiwa na kasoro, lakini haikuzimaliza zote. Na muda ni mfupi: mfereji wa neva wa mtoto hufunga takriban siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Ndiyo maana anayepanga kushika mimba hushauriwa kuanza mikrogramu 400 za foliki asidi kwa siku mapema, bila kusubiri hudhurio la kwanza.

Kikombe cha uji

Kwa Tanzania ushahidi ulio wazi zaidi unahusu ukuaji. Utafiti uliofanyika Rombo, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2010 ulifuatilia watoto wachanga wanaolishwa mahindi. Waliokula fumonisini kupita kiwango kinachovumilika, walipofikisha mwaka mmoja walikuwa wafupi kwa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao. Mama wa mtoto kama huyo ataambiwa hamlishi vya kutosha, kumbe uji anaompa ndio wenye kasoro.

Kiwango hicho ni mikrogramu 2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo nane, basi, asizidi mikrogramu 16. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu miligramu 2 za fumonisini katika kilo moja ya mahindi. Tuseme mtoto anakula gramu 40 za unga wenye kiwango hicho: atameza mikrogramu 80, mara tano ya anachoweza kuvumilia, kutoka kwenye unga uliofaulu kipimo. Kiwango hicho kinamfaa mtu mzima anayekula vyakula mchanganyiko. Kwa mtoto ambaye uji ndio chakula chake, ni kikubwa mno.

Moto wa jikoni hauisaidii familia hapa, kwa sababu kusonga ugali au kuchemsha uji hakuimalizi sumu. Kinachosaidia ni mikono na maji. Katika vijiji vya Eastern Cape, Afrika Kusini, kuchambua punje mbovu na kuosha zilizobaki kulipunguza fumonisini kwenye mahindi kwa asilimia 84. Punje za kutoa ni zilizopasuka, zilizotobolewa, nyepesi zinazoelea na zenye rangi ya waridi au ukungu mweupe. Zilizobaki zianikwe juu ya turubai hadi zikauke kabisa kabla ya kwenda mashineni. Kwa unga wa mtoto, iwapo mahindi yana shaka, ni heri yakobolewe kisha yachanganywe na ulezi au mtama. Kabla ya miezi sita mtoto hahitaji uji wowote. Maziwa ya mama yanamtosha.

Zinabaki punje zilizotengwa. Nyumba nyingi hazitupi kitu, na makapi hayo huishia kwenye pombe ya kienyeji au kwenye banda la nguruwe. Kuchachusha hakuiondoi fumonisini, hivyo anayekunywa anaipata, na nguruwe ni mmoja wa wanyama inaowadhuru zaidi. Ni bora zifukiwe.