WALIOTUFUNGULIA NJIA YA KUONGEZEWA DAMU

Ajali ikitokea katika njia kuu ya Mbeya na Iringa, au mama akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, au mtoto akipungukiwa damu kwa malaria, daktari huagiza mgonjwa aongezewe damu. Siku hizi twaliona jambo hili kuwa la kawaida. Lakini yafaa tujue kwamba lilipatikana kwa taabu, hatua kwa hatua, kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1818 Daktari James Blundell wa London alianza kuwatia wagonjwa damu ya watu wengine. Aliingia kazi hiyo kwa kuwa aliwaona akina mama wakifa baada ya kujifungua. Wagonjwa wake wengine walipona, wengine walikufa, wala hapakuwa na mtu aliyejua sababu.

Sababu ilifumbuliwa na Karl Landsteiner mjini Vienna. Alitwaa damu yake na ya wenzake kazini, akachanganya chembe nyekundu za huyu na maji ya damu ya yule. Mara nyingine zilipatana. Mara nyingine zilishikamana mabonge mabonge. Mwaka 1901 akatangaza kwamba damu za wanadamu zina makundi. Leo twayaita A, B, AB na O. Mtu wa kundi A akitiwa damu ya kundi B, mwili wake huishambulia, naye aweza kufa. Mwaka 1930 Landsteiner alipewa Tuzo ya Nobel.

Ilibaki shida nyingine: damu ikitoka mwilini huganda upesi. Mwaka 1914 Albert Hustin wa Ubelgiji na Luis Agote wa Argentina walitumia chumvi ya sitrati kuizuia isigande. Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, Daktari Oswald Robertson aliweka chupa za damu katika masanduku ya barafu huko Ufaransa, tayari kwa majeruhi. Na mwaka 1940 Charles Drew, Mmarekani mweusi, alisimamia kazi ya kupeleka maji ya damu Uingereza kuwasaidia walioumizwa vitani.

Hapa Tanzania, zamani aliyetafutwa kutoa damu alikuwa ndugu wa mgonjwa. Mwaka 2004 Serikali ilianzisha Mpango wa Taifa wa Damu Salama, na kituo cha Nyanda za Juu Kusini kipo Mbeya. Kila tarehe 14 Juni, siku aliyozaliwa Landsteiner, ulimwengu huwakumbuka watoa damu.

Basi, ndugu wanafunzi, wataalamu wamemaliza kazi yao, lakini hakuna kiwanda kitengenezacho damu. Lazima itoke kwa mtu. Mtoaji awe na miaka 18 au zaidi, mwenye afya, na uzito usiopungua kilo 50. Naye hutolewa chini ya nusu lita tu, ambayo mwili huirudisha. Wengi wetu hatujafikia umri huo, lakini twaweza kuwaeleza wazazi wetu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.