Uujue Umeme Unaoliwa Nyumbani Mwako

Leo tuache kidogo mahindi na maharage, tuzungumze juu ya kitu kinachokula fedha za mahindi na maharage hayo, yaani umeme wa nyumbani.

Majirani wawili hapa Endagikot, wilayani Mbulu, wanaweza kununua uniti sawa siku moja. Mmoja zikamfikisha mwisho wa mwezi, mwingine zikamwishia katikati. Kabla ya kuilaumu mita ya LUKU, tazama vyombo vinavyotumika.

Vyombo vingi vya umeme vimeandikwa wati zake. Wati ni kama kasi ya maji bombani. Uniti ni kama ndoo iliyojaa. Bomba likifunguliwa sana, ndoo hujaa upesi. Hesabu yake ni rahisi: zidisha wati kwa saa za matumizi, kisha gawanya kwa 1000. Jibu ndilo uniti.

Tuchukue mifano. Globu ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa 5 kila usiku, hula uniti 9 kwa siku 30. Taa ya LED ya wati 9, kwa saa hizohizo, hula uniti 1.35 tu. Redio ya wati 10 ikisikilizwa saa 6 kwa siku hula uniti 1.8 kwa mwezi. Lakini jiko la koili la wati 1500, likiwaka saa 2 kila siku, hula uniti 90!

Umeona, ndugu mkulima? Mlaji mkubwa ni chombo kinachotoa joto: jiko, pasi, hita ya maji. Huku kwetu kwenye baridi, hita hutamanisha sana. Hita ya wati 1500 ikichemsha ndoo ya maji ya kuoga kwa dakika 20 imekula nusu uniti. Mtoto akisoma kwa taa ya LED saa 2 kila usiku, mwezi mzima atatumia karibu kiasi hichohicho. Basi usimfokee mtoto azime taa, na huku hita inaunguruma.

Jambo hili lina uzito mfukoni. Agizo la bei la EWURA la mwaka 2016 liliwawekea watumiaji wadogo shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti iliyozidi hapo iliwekewa shilingi 350. Lile jiko letu peke yake limekwisha kuvuka mpaka.

Sasa fanya hivi. Kwanza, badilisha globu za zamani, ukianza na ile ya nje inayowaka usiku kucha. Pili, loweka maharage usiku kabla ya kuyapika, na funika sufuria. Tatu, piga pasi nguo nyingi kwa mara moja. Nne, soma mita jioni na asubuhi, uandike kwenye daftari. Tano, zima vyombo vyote, kisha tazama kitaa cha mita. Kikiendelea kumwekamweka, kuna umeme unaopita mahali. Mwite fundi mwenye leseni, usifungue nyaya mwenyewe.

Debe la mahindi hulitoi ghalani bila kulihesabu. Na uniti zihesabu vivyo hivyo.