Urudufu wa Muhuri Katika Sarafu za Robo Dola za Marekani: Namna ya Kuutambua

Robo dola ya Marekani ni sarafu ya senti 25, na dukani thamani yake haibadiliki, iwe inang'aa au imechakaa. Hata hivyo, zimo robo chache ambazo wakusanyaji wa sarafu huzinunua kwa bei inayoizidi thamani hiyo mara nyingi, kwa sababu maandishi au michoro yake imejitokeza mara mbili. Tatizo ni kwamba si kila herufi yenye kivuli ni ya aina hiyo. Katika intaneti hutangazwa sarafu chungu nzima zinazodaiwa kuwa na dosari hii ilhali hazina, na mnunuzi asiyejua kupambanua huishia kutoa fedha nyingi kwa robo dola isiyozidi robo dola.

Istilahi zenyewe huwapotosha wengi. Sarafu hupigwa kwa muhuri, yaani kipande cha chuma cha pua chenye sura ya sarafu iliyobonyea na kugeuzwa kinyume. Muhuri huo nao hupata sura yake kwa kubonyezwa na chuma kingine ambacho sura yake imeinuka. Hapa chuma hicho kitaitwa muhuri mzazi. Urudufu unaozungumziwa hutokea katika hatua hii ya pili, muhuri unapozaliwa, kabla sarafu yoyote haijapigwa. Kwa hiyo kuuita 'sarafu iliyopigwa mara mbili', kama wafanyavyo wauzaji wengi, ni kosa: sarafu iliyopigwa mara mbili ni dosari nyingine kabisa. Mwanafunzi wa mofolojia atalielewa jambo hili upesi akifikiria uradidi. Anayesema 'polepole' hana kigugumizi. Urudiaji umo katika neno lenyewe, na kila mzungumzaji hulitamka vivyo hivyo. Hali kadhalika, muhuri wenye urudufu huzaa sarafu maelfu kwa maelfu, zote zikiwa na alama ileile, mahali palepale.

Zamani muhuri mmoja ulihitaji kubonyezwa zaidi ya mara moja. Chuma kilikuwa kigumu, hivyo baada ya mbonyezo wa kwanza kilipashwa moto ili kilainike, kisha kikarejeshwa chini ya muhuri mzazi. Kikirejeshwa kikiwa kimezunguka hata kidogo, sura ya pili haikuilalia ya kwanza sawasawa. Mfano mashuhuri ni senti moja ya mwaka 1955 yenye picha ya Abraham Lincoln: tarakimu za mwaka na neno 'LIBERTY' zimejirudia kwa upana kiasi cha kuonekana bila kioo chochote.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, viwanda vya sarafu vya Marekani vilihamia mtindo wa kubonyeza muhuri mara moja tu. Ilitarajiwa kwamba urudufu ungetoweka. Haukutoweka, bali ulihama. Uso wa chuma kinachotarajiwa kuwa muhuri huchongoka kidogo katikati, na hapo ndipo muhuri mzazi hugusa kwanza. Chuma kikiwa kimeinama kidogo, hupokea sura kidogo, kisha shinikizo linapozidi hujinyoosha na kupokea sura iliyobaki. Matokeo yake ni urudufu mdogo ulio karibu na kitovu cha sarafu, si pembezoni. Anayezikagua robo za kisasa kwa mazoea ya senti ya 1955, akichungua maandishi ya ukingoni peke yake, anatafuta mahali ambapo aghalabu hapana kitu.

Ushahidi bora unapatikana katika robo za majimbo, zilizotolewa kuanzia 1999 hadi 2008, miundo mitano kila mwaka. Robo ya Minnesota ya 2005, ile yenye herufi P ya Philadelphia, ina ziwa, wavuvi na msitu wa misonobari. Katika baadhi ya sarafu hizo, kando ya mti mmojawapo ulio kulia kwa ramani ya jimbo, huonekana ncha ya mti wa ziada. Mihuri iliyohusika ilikuwa mingi. Katika mingine mti huo ni dhahiri, katika mingine ni kijivimbe tu, na bei hutofautiana vivyo hivyo. Mwaka 2009 ikafuata robo ya Wilaya ya Columbia yenye herufi D ya Denver, inayomwonyesha mwanamuziki Duke Ellington kwenye piano: katika baadhi yake herufi za jina 'ELLINGTON' zimejirudia.

Mpinzani mkuu wa dosari hii ni mtikisiko wa mashine. Muhuri usiokazwa vyema husogea mara tu baada ya kupiga na kuisukuma kando madini iliyokwisha kuinuka. Hiki ndicho kigugumizi chenyewe, na thamani yake kwa wakusanyaji ni ndogo au haipo. Alama zake ni hizi: kinachoonekana kama herufi ya pili ni bapa, kimelala chini mfano wa kidaraja, na kinang'aa, tena herufi yenyewe imekonda, kwa sababu sehemu yake imemegwa ili kidaraja kipatikane. Katika urudufu wa kweli herufi hunenepa. Sura zote mbili zimeinuka na kuviringika, na kwenye vipembe vya herufi kuna mpasuko mdogo mfano wa ulimi wa nyoka. Anayekumbuka swali moja tu, herufi imenenepa au imekonda, ameepuka hasara nyingi.

Muhuri uliochakaa nao hutoa ukungu unaoizunguka herufi pande zote bila mpaka. Huo ni uzee tu. Robo ya Wisconsin ya 2004 kutoka Denver, yenye jani la ziada kwenye gunzi la mahindi, nayo husifiwa na kuuzwa kwa bei nzuri, lakini si urudufu: mkwaruzo ndani ya muhuri ndio ulioacha mstari huo. Hapa soko limetukuza dosari isiyo na nasaba na muhuri mzazi, na hakuna ubaya maadamu inaitwa kwa jina lake.

Kwa ukaguzi, kioo cha kukuza mara kumi kinatosha. Taa iwe ya upande mmoja, na sarafu igeuzwegeuzwe polepole, kwani kidaraja cha mtikisiko hung'aa ghafla na kuzimika mwanga unapohama, ilhali urudufu hubaki na umbo lake. Kisha sarafu ilinganishwe na picha za muhuri uliokwisha kuorodheshwa na wataalamu. Ikiwa alama haiko mahali palepale kama katika picha, huo ni muhuri mwingine au si urudufu kabisa, na bei ya picha ile haiihusu.