Kwa nini radi hupiga sana Kanda ya Ziwa kuliko Pwani?

Januari 27, 2025 radi iliua wanafunzi 7 wa Sekondari ya Businda, wilayani Bukombe, Geita. Oktoba 2018 ilikuwa zamu ya Shule ya Msingi Emaco Vision, mkoa huohuo. Wakafa watoto 6.

Geita tena? Wapo wanaosema kuna mkono wa mtu. Ila ukitazama ramani za radi zinazotokana na satelaiti, sababu iko angani, na inajirudia kila mwaka.

Radi inataka wingu refu. Ardhi ikipata joto, hewa yenye unyevu hupanda juu hadi maji yanaganda kuwa barafu. Chembe hizo zikigongana ndani ya wingu, zinazalisha chaji za umeme, na zikizidi lazima zitafute njia ya kutoka. Kwa hiyo mvua nyingi si lazima iwe radi nyingi. Dar es Salaam inaweza kufurika masika nzima na ngurumo zikawa chache, kwa kuwa mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi mara nyingi hayapandi kwa nguvu kama ya bara.

Kanda ya Ziwa ni habari nyingine kabisa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo unyevu unavuma kutoka Ziwa Victoria na mawingu yanajijenga juu ya vijiji alasiri, watoto wengine wakiwa bado shuleni. Usiku mchezo unageuka. Nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto lake, pepo za pande zote zinakutana juu ya maji. Radi za ziwani hushamiri usiku wa manane kuelekea alfajiri, saa ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini kwenye mitumbwi isiyo na paa.

Msimu nao una ramani yake. Kanda ya Ziwa, Pwani na Kaskazini mvua huja mara mbili: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Magharibi, Kati na Kusini ni msimu mmoja mrefu, Novemba hadi Aprili. Humo ndimo ilimo Rukwa, nyumbani kwa ule utani wa Sumbawanga na "radi za kutumwa". Kumbe ni nyanda za juu zenye mvua za kutosha! Juni hadi Agosti sehemu kubwa ya nchi inakuwa kimya.

Nguo nyekundu haivuti radi, wala kufunika kioo hakusaidii. Mwembe ndio hatari: radi ikiupiga, umeme husambaa ardhini na kuwaua waliojikinga chini yake, hata kama haikuwagusa wao moja kwa moja. Bati nalo halina kosa. Shida ni jengo lisilo na kizuia radi, yaani waya wa kuushusha umeme hadi ardhini.

Ukiona mwanga, hesabu. Kila sekunde 3 kabla ya ngurumo ni kama kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, ingia ndani ya nyumba imara au gari lenye bodi ya chuma, na usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Na aliyepigwa habaki na umeme mwilini. Mshike. Kama hapumui na mapigo hayapo, anza kumkandamiza kifua wakati mwingine akitafuta usafiri wa hospitali.